Sikio la Puli Likikatika: Rudisha Kazi Yake, Si Umbo Lake

Mbele ya injini, pale mkanda unapozunguka, kila puli imeshikiliwa na bolti iliyoingia kwenye kinundu kilichosubiwa pamoja na bloku au kwenye breketi iliyofungwa juu ya vinundu hivyo. Mafundi huviita masikio. Sikio ni dogo, aghalabu halizidi unene wa vidole viwili, lakini ndilo linalozuia altaneta, tenshena, aidla, pampu ya stelingi au kompresa ya AC isihame mahali pake. Likikatika, mwenye gari huambiwa moja kati ya maneno mawili: "Tunachomelea tu, jioni unaondoka," au "Bloku imekufa, tafuta injini nyingine." Mara nyingi maneno yote mawili yanasemwa kabla ya mtu yeyote kupima chochote.

Nawaandikia wenye magari wanaotaka kujua wanalipia nini, na mafundi vijana wasiotaka kazi yao irudi gereji. Ninalosisitiza ni moja. Sikio lina kazi mbili: kubeba mvuto wa mkanda, na kuiweka puli kwenye mstari mmoja na puli nyingine. Matengenezo yanayorudisha kazi hizo mbili ni mazuri hata kama hayafanani kabisa na kilichotoka kiwandani. Matengenezo yanayorudisha umbo peke yake hupendeza siku ya kukabidhiwa gari, kisha hukatika.

Zima injini, okota vipande

Dalili ya kwanza huwa sauti: mkanda kupiga kelele, kitu kugonga mbele ya injini, au kishindo kimoja kisha kimya. Taa nyekundu ya betri ikiwaka mara baada ya sauti hiyo, mkanda umelegea au umetoka. Simama mahali salama na uzime injini hapohapo.

Haraka hiyo ina sababu. Kwenye injini nyingi mkanda uleule unaozungusha altaneta ndio unaozungusha pampu ya maji. Ndivyo ilivyo kwenye 1NZ-FE, injini ya lita 1.5 iliyomo kwenye Vitz, IST na Probox nyingi za barabara zetu. Mkanda ukitoka, maji hayazunguki tena, na ndani ya dakika chache joto linaweza kupindisha silinda hedi. Hasara ya sikio hugeuka kuwa hasara ya injini nzima kwa sababu tu dereva alitaka kufika nyumbani. Gari livutwe.

Kabla ya kuondoka, tafuta kipande kilichokatika. Mara nyingi hunasa kwenye kava la chini la injini, au bado kimeng'ang'ania bolti. Kitunze hata kama hakitarudishwa, kwa sababu kinaonyesha tundu lilikuwa wapi, kina chake ni kiasi gani, na uso wa sikio ulisimama umbali gani kutoka kwenye bloku. Uso wa mpasuko usiguswe kwa grinda mpaka usomwe.

Kwa nini limekatika

Sikio lililotengenezwa bila kuondoa kilicholikata litakatika tena, nalo jipya likiwa na nguvu zaidi, kitakachofuata ni bolti au puli yenyewe. Kwa hiyo uchunguzi ndio nusu ya kazi.

Anza na uso wa mpasuko. Sehemu yenye kutu, weusi au mafuta yaliyokauka ni ufa wa zamani ulioanza muda mrefu kabla ya siku ya ajali. Sehemu ya kijivu inayong'aa ndiyo iliyomalizikia siku hiyo. Eneo la zamani likiwa kubwa, sikio lilikuwa likichoka polepole, na chanzo bado kipo. Uso ukiwa mpya wote, kuna pigo moja lililolivunja: gari kugongwa mbele, puli kukwama ghafla, au bolti kukazwa kupita kiasi.

Chanzo cha kawaida ni bolti kulegea. Bolti iliyokazwa sawasawa haibebi mzigo kwa shingo yake. Inabana breketi dhidi ya bloku kwa nguvu, na msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaobeba. Ikilegea, msuguano unapotea, breketi inaanza kucheza, na kila mzunguko wa injini unaipinda bolti na sikio kidogo kidogo mpaka chuma kinachoka. Ndiyo maana altaneta iliyofungwa kwa bolti moja badala ya mbili, "ya pili tutaitafuta," ni ajali inayosubiri siku yake.

Chanzo cha pili ni mkanda kukazwa mno. Mkanda ukiizunguka puli nusu duara, bolti ya puli hiyo hubeba mvuto wa pande zote mbili, yaani mara mbili ya mvuto uliomo kwenye mkanda. Fundi anayeikaza altaneta kwa mtaimbo huku akiegemeza kwenye bloku anaongeza mzigo huo bila kuupima, na wakati mwingine sikio ndilo analoliegemea.

Cha tatu ni bolti isiyo yake. Ikiwa ndefu mno, hugota mwisho wa tundu kabla ya kubana breketi. Fundi anahisi imekaza, kumbe inasukuma sikio kutoka ndani. Ikiwa fupi mno, inashika nyuzi mbili tatu za mbele na kuzing'oa. Na kama tundu halikutoboka upande wa pili, mafuta au maji yaliyobaki ndani hayana pa kwenda: bolti ikiingia inayabana kama pistoni, na sikio linapasuka. Tundu la namna hiyo likaushwe kwanza.

Mwisho, zungusha kila puli kwa mkono mkanda ukiwa umetoka. Beringi inayokwaruza, inayokwama au inayoyumba ibadilishwe. Tazama pia puli ya krenki, kwa kuwa nyingi zina mpira katikati. Mpira ukichoka, puli hutikisika na kuupiga mkanda mzima.

Ijue bloku yako

Sumaku ndogo itakujibu. Ikinata, bloku ni chuma cha kusubu, ambacho gereji nyingi hukiita kasti. Ndivyo zilivyo 4A-FE na 5A-FE za Corolla za zamani, na 1HZ ya Land Cruiser, dizeli ya silinda sita yenye ujazo wa sentimita za ujazo 4,164. Isiponata, ni aluminiamu, kama 1NZ-FE na 1ZZ-FE, ambazo bloku yake ni ya aluminiamu na ndani ya silinda mna mikono ya chuma. Jaribu sumaku palepale penye sikio, maana kava ya mbele au breketi inaweza kuwa ya aluminiamu ilhali bloku ni ya chuma.

Tofauti hii ndiyo inayoamua kila hatua. Aluminiamu ni laini, nyuzi zake hung'oka upesi, na inayeyuka kwenye nyuzi joto 660 hivi bila kubadilika rangi kumwonya mchomeleaji. Chuma cha kusubu kina kaboni ya asilimia 2 hadi 4. Ni kigumu na hustahimili kubanwa, lakini hakinyumbuki. Kikipata joto sehemu moja na kupoa haraka hupasuka, kama chungu cha udongo kilichotolewa motoni na kumwagiwa maji baridi.

Baada ya hapo tafuta mwisho wa ufa. Safisha eneo lote kwa brashi na kimiminika cha kuondolea mafuta, likauke. Paka mafuta ya taa, yaache yazame kwa dakika kadhaa, yafute vizuri, kisha pitisha unga wa chaki nyeupe. Mafuta yaliyojificha kwenye ufa yatapanda na kuchora mstari juu ya chaki. Mwenye dawa ya rangi ya kupimia nyufa ataona vizuri zaidi, lakini chaki inaonyesha mengi kwa gharama ndogo sana.

Mstari ukiishia kwenye sikio lenyewe, una nafasi nzuri. Ukiingia kwenye ukuta wa bloku, jiulize kilichoko nyuma yake: njia ya maji, njia ya oili, au silinda. Ufa uliofika huko si kazi ya kichochoroni tena. Bloku ifunguliwe, ipimwe kwa shinikizo, au ibadilishwe.

Nyuzi zikiliwa au bolti ikikatikia ndani

Wakati mwingine sikio ni zima, ila bolti imekatikia ndani yake au nyuzi zimeng'oka. Hili ndilo tatizo dogo kuliko yote, na ndilo linaloharibiwa zaidi kwa papara.

Bolti iliyokatika ikiwa imechomoza, chomelea nati juu ya kisiki chake. Joto la kuchomelea hulegeza kutu, na nati inakupa pa kushikia spana. Ikiwa imezama, isawazishe uso, piga alama katikati kabisa kwa senta panchi, toboa kwa biti ndogo, kisha ongeza ukubwa kidogo kidogo. Biti zinazokata kwa kuzunguka kinyume ni msaada mkubwa, kwa sababu mara nyingi hukitoa kisiki kabla hujamaliza kutoboa. Ogopa kuvunjia ndani kile chuma cha kung'olea bolti. Ni kigumu kuliko biti za kawaida, na kikibaki humo kazi ya saa moja inakuwa ya siku nzima.

Nyuzi zilizong'oka kwenye aluminiamu zisifufuliwe kwa bolti nene iliyolazimishwa, wala kwa kufunga utepe wa plastiki kwenye bolti. Dawa yake ni koili ya nyuzi, au kikombe cha chuma chenye nyuzi ndani na nje. Tundu hutobolewa liwe kubwa, hupigwa tepu maalumu, kisha koili huzungushwa ndani. Kwa bolti ya M8 yenye nyuzi za milimita 1.25, tundu la koili huwa takriban milimita 8.3, lakini fuata kilichoandikwa kwenye boksi la vifaa ulivyonunua. Ikifungwa sawasawa, koili huwa imara kuliko nyuzi za mwanzo, kwa kuwa sasa bolti inakaa ndani ya chuma cha pua na mzigo umesambaa kwenye eneo pana zaidi la aluminiamu.

Mambo mawili yasipuuzwe hapa. Drili isimame wima kabisa juu ya uso wa sikio. Tundu likilala, puli italala. Na nyuzi zishike kwa kina cha kutosha: kwenye aluminiamu, mara moja na nusu hadi mara mbili ya kipenyo cha bolti. Bolti ya M10 hutaka milimita 15 au zaidi za nyuzi nzima.

Sikio likiondoka: anza kufikiria breketi

Sikio likikatika kabisa, watu wengi huwaza moto kwanza. Mimi nashauri uanze kwa kutazama matundu mazima yaliyo jirani. Mbele ya bloku huwa kuna matundu yenye nyuzi ambayo hayakutumika, kwa sababu bloku moja hutengenezewa magari ya aina nyingi. Sahani ya chuma cha pua yenye unene wa milimita 8 hadi 10, ikifungwa kwa bolti mbili au tatu kwenye matundu hayo, inaweza kubeba puli bila bloku kuguswa na moto.

Uzuri wa njia hii ni kwamba mzigo unarudi kwenye chuma kizima ambacho hakijapashwa wala kupasuka, na breketi ikikosewa unaitengeneza nyingine. Bloku haina nafasi ya pili.

Chora kielelezo kwa kadibodi ngumu. Kibandike mbele ya bloku, toboa mahali pa matundu, weka alama ya katikati ya puli kwa kutumia kipande ulichotunza, na hakikisha mkanda, feni, mabomba na kava havigusi. Kisha peleka kielelezo kwa mkereza. Huduma hiyo inapatikana kwenye mitaa ya mafundi chuma kama Gerezani ya Dar es Salaam, au karakana za Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, na karibu kila mji wenye mashine ya kukereza.

Zingatia unene. Sahani ya milimita 10 ikiwekwa palipokuwa na uso wa sikio inaisukuma puli mbele kwa milimita 10, na mkanda hautakaa. Ama mpasuko usawazishwe ushuke kwa kiasi hichohicho, ama bushi ya puli ipunguzwe kwa kiasi hichohicho. Mkereza apewe kipimo, asiachiwe akisie. Puli ikisimama mbali na sahani, ongeza mbavu ya kuiimarisha, kwa maana kadiri bushi inavyorefuka ndivyo mkanda unavyopata nguvu ya kuipinda.

Bolti zinazopita kwenye sahani ziwe ndefu zaidi kwa unene wa sahani hiyo, lakini zisigote mwisho wa tundu. Usitegemee kava ya mbele peke yake kubeba puli. Bolti zake nyingi ni nyembamba, nayo kazi yake ni kuzuia oili.

Kuchomelea: lini na kwa namna gani

Pasipo na matundu ya kuazima, au sikio likiwa limebeba kitu kizito kama kompresa, kuchomelea kunaweza kuwa ndiyo njia. Kazi hii ni ya mchomeleaji anayejua bloku. Swali la kwanza la kumuuliza ni, "Hii ni chuma gani, na utatumia nini?" Akijibu kwamba atatumia vijiti vya kawaida vya kuchomelea mageti, asante, nenda kwingine.

Kwa aluminiamu, anayefaa ni mwenye mashine ya TIG inayotoa umeme wa mkondo geu, gesi ya agoni, na waya wa aluminiamu wenye silikoni, kama ule wa namba 4043. Mkondo geu una sababu yake. Uso wa aluminiamu hufunikwa na ngozi nyembamba ya oksidi inayoyeyuka kwenye nyuzi joto 2,000 na zaidi, ilhali chuma kilicho chini yake huyeyuka kwenye 660. Ngozi hiyo isipovunjwa, waya unaelea juu bila kushikana. Adui wa pili ni oili iliyoingia kwenye vitundu vya aluminiamu kwa miaka. Isipotolewa kwa kusafisha na kupasha joto la wastani, hutoka kama mapovu na kuacha tundutundu ndani ya weldi.

Pande zote mbili za mpasuko zichongwe kwa umbo la V, zisuguliwe kwa brashi ya chuma kisichoshika kutu ambayo haijawahi kugusa chuma kingine, kisha zichomelewe mpaka ndani. Sikio lijazwe liwe nene kuliko la mwanzo, kwa kuwa joto hulainisha aluminiamu iliyo karibu. Tundu litobolewe baada ya kuchomelea na kupoa, kwa kufuata vipimo. Kurudisha kipande chenye tundu lake na kutumaini kwamba moto haukukihamisha ni kujidanganya.

Kwa chuma cha kusubu, vijiti viwe vya nikeli. Mchomeleaji apige mistari mifupi ya sentimita mbili na nusu hivi, agongegonge taratibu kwa nyundo ndogo weldi ikiwa bado ya moto ili kuondoa mvuto unaobaki ndani, kisha asubiri mpaka pashikike kwa mkono kabla ya mstari unaofuata. Mwishoni eneo lifunikwe kwa majivu makavu au mchanga, lipoe polepole. Nyufa ndogo zitobolewe tundu la milimita 3 hivi kwenye mwisho wake kabla ya kuanza, ili zisikimbie mbele. Kuunganisha kwa shaba ni njia nyingine nzuri kwa masikio ya chuma hiki, kwa kuwa hutumia joto pungufu ya lile linaloyeyusha chuma chenyewe.

Kama kazi inafanyika injini ikiwa ndani ya gari, betri ifunguliwe, plagi za altaneta na kompyuta ya gari zichomolewe, na klipu ya ethi ifungwe karibu kabisa na mahali pa kuchomelea. Umeme wa weldi ukipita kwenye beringi au waya za gari, utaharibu usivyoviona. Sensa, sili na mabomba ya mpira ya jirani viondolewe, na mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi.

Onyo hili ni la uhai. Dawa za kusafishia breki zenye klorini zisitumike pale panapochomelewa. Mvuke wake ukikutana na joto kali na mwanga wa weldi hutengeneza gesi ya fosijeni, ambayo inaua. Tumia asetoni, iache ikauke kabisa, na chupa yake iwe mbali kabla ya kuwasha.

Gundi za chuma

Zipo gundi nzuri za sehemu mbili zinazoganda kama chuma. Zina kazi yake: kuziba tundu la maji lisilo na shinikizo kubwa, kujaza uso uliochimbika, au kulaza washa mahali pasipo sawa. Hazina kazi ya kubeba puli. Mkanda hauvuti mara moja. Unavuta na kutikisa mfululizo, huku injini ikipashwa na kupoa kila siku, na gundi hutanuka tofauti na chuma inachokishika. Ukiambiwa sikio limegundishwa na "halitoki tena," kataa. Kama gundi imetumika kushikilia kipande huku breketi ya bolti ndiyo inayobeba mzigo, hapo sawa.

Mstari wa mkanda ndio mtihani

Haijalishi njia gani imetumika, kazi haijaisha mpaka puli zipimwe. Kwenye mkanda wa mistari wa namna ya PK, mlima mmoja hadi mwingine ni milimita 3.56 tu. Puli ikisogea mbele au nyuma kwa kiasi hicho, mkanda umeruka mfereji mzima. Ikisogea hata pungufu ya hapo, mkanda unasuguliwa ubavuni, unapiga kelele na kulisukuma sikio upande siku nzima.

Chukua rula ndefu ya chuma au bomba la mraba lililonyooka. Liegemeze kwenye uso wa puli ya krenki na ulipeleke mpaka kwenye puli iliyotengenezwa. Pima pengo kwa kalipa, ukikumbuka kwamba ukingo wa puli moja unaweza kuwa mnene kuliko wa nyingine. Kinachotakiwa kulingana ni mifereji. Kisha angalia kama puli imelala, kwa kupima juu na chini yake. Kusogea kunarekebishwa kwa washa ngumu iliyokerezwa. Kulala hakurekebishwi kwa washa. Kunarekebishwa kwa kusawazisha uso, au kwa kutoboa upya.

Mkanda ukifungwa na kelele ikabaki, nyunyizia maji kidogo upande wa mifereji, ukiweka mikono na nguo mbali. Kelele ikipotea kwa muda mfupi kisha ikarudi, puli hazipo kwenye mstari. Ikiongezeka, mkanda umelegea na unateleza.

Kukaza na kufuatilia

Tumia bolti mpya zenye alama ya daraja kichwani, 8.8 au zaidi kama za awali. Bolti iliyofungwa kwenye sikio lililokatika imekwisha kupindwa, hata kama jicho halioni. Safisha nyuzi, ingiza bolti kwa vidole mizunguko kadhaa, ndipo uchukue spana. Kaza kwa spana ya torki kwa kipimo cha kitabu cha injini yako. Pasipo kitabu, bolti ya M8 ya daraja 8.8 kwa kawaida hukazwa karibu Nm 25, na ya M10 karibu Nm 45. Kwenye aluminiamu usipite hapo kwa kutumaini usalama zaidi, na nyuzi zikiwa na mafuta punguza. Tone la gundi ya nyuzi ya daraja la kati linasaidia bolti isilegee.

Zungusha injini kwa mkono raundi mbili, kwa spana kwenye bolti ya krenki, ukitazama mkanda. Iwashe dakika chache, izime, tazama tena. Ipoe kabisa, kisha hakiki ukazaji. Rudia baada ya kilomita 100 na baada ya kilomita 500. Weka alama ya rangi inayopita kwenye kichwa cha bolti na breketi; alama ikikatika, bolti imezunguka, na utaiona bila kufungua kitu.

Unapoamua kubadilisha bloku

Ufa ukiingia kwenye njia ya maji au oili, au masikio mawili ya jirani yakiondoka pamoja, bloku nyingine inaweza kuwa akiba, si hasara. Ikague kwa chaki na mafuta ya taa kabla ya kulipa, hasa masikio yaleyale yaliyokusumbua. Kumbuka pia kwamba namba ya injini huandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha, dai risiti na nyaraka za bloku uliyonunua, na upeleke taarifa kwa mamlaka ya usajili: TRA kwa Tanzania, NTSA kwa Kenya. Namba isiyolingana na kadi inaweza kukuletea shida kwa polisi, kwa bima na siku ya kuuza.

Kwa yeyote utakayempa kazi, uliza maswali manne kabla hajashika spana: Nini kililikata? Mzigo utabebwa na nini baada ya kutengeneza? Puli utazipanga kwa kipimo gani? Na bolti utazikaza kwa torki ngapi? Fundi mwenye majibu hayo anastahili kulipwa vizuri na kupewa muda, hata kama anamaliza kesho wakati mwingine anaahidi leo. Asiye nayo, mshukuru kwa adabu, uvute gari lako ulipeleke kwa mwingine.